Nimemlilia Kiowa, kumbe hayupo?

SWALI: Shikamoo anko. Nimemaliza The Things They Carried ya Tim O'Brien, kile cha wanajeshi wa Marekani Vietnam, na pale askari Kiowa anapozama kwenye tope la kinyesi usiku mabomu yanadondoka nililia kweli. Sasa binamu yangu ananiambia eti Kiowa hajawahi kuwepo! Mbona msimuliaji naye anaitwa Tim O'Brien? Si katudanganya huyu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Binamu yuko sahihi, ila kudanganywa hujadanganywa. Mwanzoni kabisa imeandikwa ni kazi ya kubuni, halafu ukiangalia tabaruku utakuta kawatabarukia Jimmy Cross, Rat Kiley, Kiowa na wenzao, yaani watu aliowatunga mwenyewe, makusudi kabisa. Vietnam kapigana kweli, 1969 hadi 1970, na kumbukumbu zake halisi alishazitoa 1973. Hiki ni cha 1990, kwa hiyo yaliyotokea alishayasema, na bado kuna kitu kilikuwa kinamkaba.

Kitu gani? Rudi kwa yule ndama wa nyati. Curt Lemon kakanyaga bomu la kutegwa kafa, rafiki yake Rat Kiley anampa ndama chakula cha kopo, ndama hataki, basi Rat anampiga risasi ya goti, sikio, mdomo, mkia, hataki kumuua anataka aumie, na wenzake wamesimama tu wanaangalia. Mwisho Rat analia, anataka kusema kitu anashindwa, anaondoka na bunduki yake. Ungeambiwa tu "Rat alihuzunika sana" si ungepita bila hata kusimama? Na msimuliaji anasema akiisimulia hii kuna mama huwa anakuja kumwonea huruma ndama, yeye anakasirika moyoni, maana huyo mama hajasikiliza, Lemon kamsahau.

Angeuza haya kama maisha yake halisi hapo ningekuunga mkono, ungekuwa utapeli. Ila mi kinachonichosha ni pale anapotueleza tena na tena kwamba ukweli wa hadithi unaweza kuuzidi wa tukio, anaanza kuhubiri bwana, ndama alishamaliza kazi.

Kasome tena sura ya Good Form, ni fupi mno. Anasema ana miaka 43, ni mwandishi, zamani alitembea mkoa wa Quang Ngai huko Vietnam kama askari wa miguu, na karibu yote mengine kayabuni. Kisha mpe binamu naye akisome, asikae kukuharibia tu.