Maswali Yenu: Pikipiki bila breki?

Swali: Habari mhariri, nimeona klipu ya mbio za pikipiki Ujerumani kwenye mchanga, jamaa wanakata kona mguu wa kushoto uko chini, eti hazina breki kweli? Na bingwa anapatikanaje?

Jibu: Kweli kabisa ndugu yangu, mbio hizo zinaitwa longtrack, breki hakuna, injini cc 500 inatumia methanoli (aina ya alkoholi) badala ya petroli, na ule mguu umevalishwa soli ya chuma ndo anateleza nao huku tairi la nyuma linarusha mchanga. Uwanja wa Herxheim, huko huko Ujerumani, mzunguko mmoja ni mita 1,000! Zamani bingwa wa dunia alipatikana kwa fainali ya siku moja, ukianguka basi tena, ila toka 1997 wanajumlisha pointi za msimu, mi naona hii ndo haki. Joonas Kylmäkorpi wa Ufini alibeba ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2010 hadi 2013.