Muulize Fundi: Premio inahamisha mkia kwenye kona

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Premio ya mwaka 2004, nimeinunua mkononi mwa mtu miezi saba iliyopita. Kwenye njia iliyonyooka imetulia kabisa. Shida ni zile kona za Iyovi: nikiwa mwendo wa 70 hivi, nikiachia mafuta katikati ya kona, nyuma kunahama ghafla kama gari limepigwa kikumbo. Kona za kulia ndizo mbaya zaidi. Nimebadilisha shokapu za mbele, nimefanya alaimenti (kupanga magurudumu yakae sawa) mara mbili, hali ni ileile. Sasa fundi wangu anataka tubadilishe stelingi. Kila mwisho wa mwezi nampeleka mama kliniki Iringa na naogopa. Nifanyeje? (Msomaji, Mikumi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Stelingi usiiguse, na hela yako itunze. Umeniandikia neno moja ambalo kwangu lina thamani kuliko kupima gari saa nzima: ukiachia mafuta.

Gari likiyumba kwenye kona, mimi humuuliza mteja linayumba wakati gani. Likichelewa kuitika pale unapokata usukani, naanza na mbele: upepo wa tairi, boljointi na tairodi (viungo vya chuma vya magurudumu ya mbele), na bushi (mipira inayokaa kati ya vyuma) za mbele. Likirukaruka katikati ya kona baada ya kukanyaga tuta au shimo, naangalia shokapu. Lakini lako linahama ukitoa mguu. Ukitoa mguu uzito unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi, na kilicholegea huko ndipo kinapojionyesha. Kwenye kona ya kulia gari hulalia matairi ya kushoto. Kwa hiyo anza na nyuma kushoto.

Kwanza tairi, kwa sababu kuzikagua ni bure. Nilishapokea Carina iliyobadilishwa bushi zote, mwenyewe amekata tamaa, kumbe tairi moja ya nyuma ilikuwa na upepo mdogo mno, psi 18. Pima upepo asubuhi kabla hujaendesha. Kibandiko cha kiwango kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, kipimo kingine cha upepo; ukiona 220 jua ni psi 32. Kisha soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, kwenye yale maandishi yanayoanza na DOT: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi ya umri huo inaweza kuwa na kashata (ile michoro inayokanyaga lami) nzuri tu, lakini mpira umeshakauka, haushiki lami. Na kama tairi mbili za nyuma ni za aina tofauti, hapo tayari umepata sababu mojawapo.

Tairi zikiwa sawa, shuka chini ya gari. Premio yako, kama si ile ya kuvuta magurudumu manne, nyuma ina bimu moja inayounganisha magurudumu yote mawili. Bimu hiyo imeshikwa kwenye bodi kwa bushi mbili kubwa za mpira. Miaka 20 ni mingi kwa mpira. Ukipasuka, kwenye kona bimu nzima inajisogeza, na magurudumu ya nyuma yanageuka kidogo yenyewe, wewe usukani hujaugusa. Huko ndiko kule kuhama. Mwambie fundi aingize mtaimbo kati ya bimu na bodi, asukume taratibu, na wewe uwepo uangalie kwa macho yako. Mpira mzima unanyumbuka na kurudi. Uliokufa unaachia mwanya, mara nyingine chuma kinagonga chuma.

Itafute pia karatasi ya alaimenti, usome namba za nyuma. Bimu hii haina pa kurekebishia, ndiyo maana wengi wanarekebisha mbele na kukukabidhi ufunguo. Namba za kushoto na kulia zikipishana sana, huenda bimu imepinda, na hapo bushi mpya peke yake hazitakusaidia.

Mkibadilisha bushi, badilisheni mbili kwa pamoja. Na hili nakusihi ulisimamie mwenyewe: boliti zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejikunja kila siku na utapasuka mapema. Nimeona bushi mpya zikifa ndani ya miezi michache kwa kosa hilo, na mteja akaambiwa alinunua feki.

Kwa sasa punguza mwendo kabla ya kuingia kona, na ukiwa ndani yake usiachie mafuta ghafla. Mwisho wa mwezi huu kama kazi haijakamilika, mpandishe mama basi. Nisalimie.