Eti mbwa aina ya French Bulldog anaishi miaka minne tu?

SWALI: Nimesoma mahali eti French Bulldog wanaishi wastani wa miaka 4.5. Wangu ana 3, nishaanza kuogopa. Ni kweli?

JIBU: Tulia kwanza. Hiyo namba ipo, ilitoka Uingereza 2022, ila ilihesabu mbwa waliokufa tu, na hawa French Bulldog wamekuwa fasheni juzijuzi, yaani wengi bado wadogo, kwa hiyo hata wanaokufa wengi watakuwa wadogo, wazee wenyewe bado wachache! Utafiti mwingine wa hukohuko, wa 2024, ulichukua mbwa zaidi ya laki 5, walio hai na waliokufa, ukawapa French Bulldog miaka 9.8. Tofauti kubwa hiyo.

Ila usishangilie sana, maana mbwa kwa jumla walipata 12.5. Pua yao fupi ina gharama zake. Ukimsikia anakoroma hata akiwa macho, au kakimbia kidogo tu ulimi unageuka bluu, hizo sio mbwembwe, hewa haipiti, muwahishe kwa daktari wa mifugo. Joto likiwa kali usimkimbize kabisa. Na kama ni kibonge mpunguze, unene ndo unambana zaidi, hata kama kila mtu anakwambia kanenepa vizuri.