Maswali ya wasomaji: uji wa nafaka saba, chai mezani na dona inayochacha

*Shikamooni. Nanunua sokoni unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya na karanga. Mwanangu ana miezi tisa. Akinywa uji huo tumbo linajaa gesi, na siku nyingine anaukataa kabisa. Nifanyeje?*
Mama wa mtoto mmoja, Morogoro

Marahaba. Mtoto hana kosa, kosa ni la mfuko wa unga. Mahindi, mchele, ngano, ulezi na uwele vyote ni vya kundi moja, la wanga. Kuvirundika vitano hakumzidishii mtoto lishe, na akiharisha au kutoka vipele hutajua kilichomdhuru ni kipi kati ya saba.

Gesi huenda inatoka kwenye soya, hasa kama ilisagwa mbichi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, na dawa yake ni moto: ichemshwe nusu saa, itolewe maganda, ikaushwe, ikaangwe kidogo, ndipo isagwe. Ukinunua unga uliokwisha kuchanganywa, huna namna ya kujua kama hayo yalifanyika.

Karanga nazo zina mafuta mengi. Zikisagwa pamoja na nafaka, unga mzima unachacha mapema. Kibaya zaidi, karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwenye karanga nzima unaweza kuchambua zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi ukazitupa. Kwenye unga huoni kitu.

Kwa hiyo saga nafaka moja tu. Ulezi unafaa sana kwa sababu una kalsiamu nyingi. Vingine viongeze sufuriani. Koroga vijiko vikubwa 4 vya unga kwa maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka hadi jumla ifike kikombe kimoja na nusu, pika dakika 15 huku ukikoroga. Kisha tia kijiko kikubwa kimoja cha karanga ulizozikaanga na kuzitwanga mpaka zikawa laini kabisa, au maziwa nusu kikombe, uache uchemke dakika 5 tena. Ukiinua kijiko, uji ubaki kijikoni. Ukimwagika kama chai, mtoto anashiba maji. Asali usimtilie kabla hajatimiza mwaka.

Kama uji mzito unamshinda kumeza, usiongeze maji, tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike ukauke kabisa, sugua miche itoke, saga. Uji ukiwa wa moto lakini hauchemki, koroga humo kijiko cha chai kimoja cha kimea: ndani ya dakika chache utalainika bila kupoteza nguvu yake. Urudishe motoni uchemke kidogo, maana nafaka iliyochipuzwa hubeba vijidudu. Usitengeneze kimea hiki kwa mtama. Miche yake ina sumu iitwayo sianidi.

*Nina ujauzito wa miezi mitano na kliniki wameniambia damu ni kidogo. Nakula maharage na mchicha karibu kila siku. Mbona haipandi?*
Msomaji, Tanga

Kwanza, vidonge vya madini ya chuma ulivyopewa usiviache, na waambie kliniki kwamba damu haipandi. Malaria na minyoo hupunguza damu hata kwa anayekula vizuri, kwa hiyo lazima vipimwe.

Sasa tuje kwenye sahani. Chuma cha maharage na mboga huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama na samaki, na chai hukizuia zaidi. Iwe ya rangi au ya maziwa, ukiinywa pamoja na chakula sehemu kubwa ya chuma hicho inapita tu. Isogeze: saa moja kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula. Kwenye mlo wenyewe weka kitu chenye vitamini C, kama chungwa, pera, au ndimu uikamulie juu ya mboga baada ya kuipua. Dagaa hata kiganja kimoja, au kipande kidogo cha nyama, husaidia chuma cha maharage nacho kiingie.

Maharage yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Kuloweka kunapunguza vitu vinavyong'ang'ania chuma, na gesi inapungua pia. Yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasiyoiva vizuri hutapisha. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Ukiloweka huyahitaji.

Hukutaja udongo, lakini wajawazito wengi wanakula udongo uitwao pemba kwa siri. Kama nawe unakula, anzia hapo. Udongo unanasa chuma tumboni na huweza kuleta minyoo.

*Mchicha nikichemsha unatoa maji ya kijani. Niyamwage?*

Usiyamwage. Vitamini C nyingi inakuwa imeshaingia humo. Bora usiyatoe kabisa: osha majani yakiwa mazima, ndipo ukate, uyatie kwenye kitunguu na nyanya vilivyokwisha iva kwa vijiko viwili vya mafuta, ufunike dakika 5. Mafuta si anasa hapo, maana bila hayo mwili haupati vizuri vitamini A ya mboga. Kisamvu ni habari nyingine: kitwangwe vizuri, kichemshwe muda mrefu bila kifuniko, kwa sababu majani ya muhogo yana sianidi.

*Dona langu linakuwa chungu baada ya mwezi. Nimerudi kwenye sembe.*
Msomaji, Iringa

Dona linachacha kwa sababu kiini cha mahindi, chenye mafuta na vitamini, kimebaki ndani. Sembe inadumu kwa kuwa kiini hicho kimeondolewa pamoja na pumba. Hifadhi mahindi makavu, si unga, na usage ya wiki mbili tu kwa safari moja. Unga ukitoka mashineni bado una joto: utandaze upoe kabla ya kufunga ndoo, la sivyo unatoa jasho humo ndani na kuota ukungu.

*Juisi ya embe ni sawa na embe?*

Hapana. Kula embe.