Kilichoondoka Magomeni ni daftari la Mangi

Wahariri, kwenye swali lenu la wiki hii mmeuliza biashara gani imepotea mtaani kwenu na nini kiliiondoa. Nimekaa nalo siku tatu. Najua wengi watawajibu library za kanda, vibanda vya simu za kadi, mafundi redio, na watasema simu ya mkononi ndo imemaliza kila kitu, na kwa biashara hizo ni kweli wala sibishi. Yangu mimi ni duka la Mangi lililokuwa kwenye fremu ya nyumba yetu Magomeni, na aliyeliondoa sio simu, sio mabasi ya mwendokasi, sio serikali. Ni sisi watoto wa mwenye nyumba.

Kwanza niwaeleze nyumba yenyewe maana bila hiyo hamtanielewa. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Magomeni, vyumba vitatu kulia vitatu kushoto, ukumbi katikati mpaka uani, uani ndo kuna jiko, choo, bomba na kamba za kuanikia, na mbele kuna baraza. Miaka ya ruksa, enzi za Mzee Mwinyi, watu walianza kuvunja dirisha la chumba cha mbele wanaweka mlango, chumba kinakuwa fremu, na baba naye akavunja la kwetu. Mangi alikuja 1991, nilikuwa darasa la pili. Hapa Dar kila mwenye duka la mtaani anaitwa Mangi hata kama ametokea Singida, ila wa kwetu alikuwa Mchaga kweli, mtu wa Rombo, na kila Desemba alikuwa anafunga duka anaenda kwao.

Duka lilikuwa dogo sana. Mbele wavu wa nondo wenye kidirisha cha kupitishia mkono, ndani mizani, gunia la sukari, la mchele, la unga wa dona, ndoo ya mafuta ya kula na kikombe chake cha bati cha kupimia, mafuta ya taa nje kwenye pipa. Ukitumwa mafuta ya mia mbili anakupimia kwenye kifuko cha nailoni anakipiga fundo kwa kidole kimoja tu, unakishika kwa juu unatembea nacho taratibu kama umebeba yai. Vile vifuko vilipigwa marufuku Juni 2019, wanangu hawajawahi kuviona, leo ukitaka mafuta ya kupima unaenda na chupa yako.

Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu KUKOPA HARUSI KULIPA MATANGA, na chini ya maandishi hayo hayo ndo alikuwa anakopesha mtaa mzima.

Daftari lilikuwa kaunta buku nene la jalada jeusi na mgongo mwekundu. Nililiona kwa karibu siku nyingi maana mimi ndo nilikuwa natumwa, nilikuwa nachungulia kwenye kile kidirisha wakati anaandika. Hakuandika majina. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake na juu ameandika kitu anachokijua yeye tu, kuna ukurasa ulioandikwa Mwarobaini, kuna Mlango wa Bluu, kuna Zamu ya Usiku (huyu baadae nilikuja kujua ni baba mmoja alikuwa mlinzi), wa mama yangu uliandikwa Bi Uani. Ukimaliza deni anaweka rula anapiga mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, hachani karatasi, hafuti. Nilipokua nikamuuliza, Mangi kwanini huandiki majina, akaniambia daftari linakaa kaunta na kaunta kila mtu anaegemea, sitaki mtu asome shida ya mwenzie. Hilo jibu nimeishi nalo mpaka leo.

Na baba pia alikuwa anakopa, mwenye nyumba! Mwisho wa mwezi wanakaa wote wawili kwenye benchi la barazani, baba na miwani yake, Mangi na daftari, wanatoa deni kwenye kodi. Kodi elfu thelathini, deni elfu ishirini na mbili na mia tano, baba anapokea kilichobaki. Kuna mwezi mdogo wangu alilazwa, tulikula kwa daftari mwezi mzima na siku ya hesabu baba ndo akawa anadaiwa, Mangi akasema mzee hiyo tutakatana mwezi ujao, muuza kahawa akapita anagonga vikombe vyake wakanunua kahawa na kashata mada ikaisha hapo hapo. Mkataba wa maandishi haukuwepo miaka yote hiyo. Kodi mwezi kwa mwezi, na ilikuwa inapanda kwa kuongea.

Baba alifariki 2014. Wakati huo Morogoro Road yote imechimbwa, vumbi, mabati, ujenzi wa mwendokasi, na kila mtu anasema huku ikiisha Magomeni itakuwa dhahabu. Mei 2016 mabasi yakaanza. Nisiseme uongo, watu wa kituoni waliumia, daladala za barabara ile zilipoondolewa wapiga debe wakakosa kazi, wa machungwa, wa magazeti, mama wa chapati wa asubuhi, wote wale walikuwa wanakula kwa sababu watu walikuwa wanasimama pale kusubiri gari, sasa abiria anapita kwenye geti na kadi yake anapanda anaondoka. Ila mtaa wetu uko ndani, hautokei barabarani, mwendokasi haikumgusa Mangi hata kidogo. Iliyotugusa ni ile hesabu ya watu, kwamba fremu Magomeni sasa hivi laki mbili, laki tatu, na inalipwa miezi sita mbele.

Tukakaa kikao cha familia, tuko watano. Kaka mkubwa akasema Mangi analipa elfu themanini, hiyo ni hela ya nini, jirani amepata mpangaji wa laki mbili kwa miezi sita kwa mkupuo. Na mama alikuwa na presha na sukari, dawa kila mwezi, sio kwamba tulikuwa na tamaa tu, hela ilikuwa inahitajika kweli na nataka hilo lieleweke. Mimi nilikuwepo, niliinua mkono nikakubali. Aliyetumwa kwenda kumwambia Mangi ni mimi kwa sababu ndo nilikuwa namzoea.

Nilimkuta anapima sukari. Nikamwambia, Mangi shikamoo, tumekaa kama familia. Akamaliza kupima, akafunga, akampa mtoto, ndo akanigeukia. Akasikiliza mpaka mwisho akasema sawa mwanangu, mzee hayupo, nyie ndo wenye nyumba. Baada ya wiki mbili akaleta milioni moja na laki mbili taslimu, kwenye bahasha ya kaki, na mimi nikafurahi nikajua mambo yameenda vizuri.

Sasa hapa ndo nataka msomaji anielewe, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja kuelewa nimechelewa. Ile milioni na laki mbili ilitoka wapi? Haikuwa benki. Ilitoka kwenye gunia la sukari, ilitoka kwenye ndoo ya mafuta, ndo ulikuwa mtaji wenyewe. Duka la mtaani hela yake iko kwenye shelfu na nyingine iko kwenye matumbo ya wateja, kwenye daftari, inazunguka. Mangi aliweza kutukopesha miaka ishirini na kitu kwa sababu kodi yake ilikuwa ndogo na inalipwa kidogo kidogo kila mwezi, akibakiwa na nafasi ya kusubiri hela ya Zamu ya Usiku mpaka mshahara utoke. Ukishamwambia mtu huyo alete ya miezi sita kwa siku moja, umemnyang'anya ile nafasi ya kusubiri. Wa kwanza kuumia ni wenye kurasa kwenye daftari, mwenye duka anafuata baadae.

Na ndo ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza maziwa ya unga yakaisha hayakurudi. Alafu gunia la mchele likawa nusu gunia. Alafu akaanza kuwaambia watu kwa upole mama naomba unipunguzie kidogo, mtu ambaye hakuwahi kudai. Wengine waliona aibu wakahamia kununua duka lingine kwa cash huku kwake wanadaiwa, kwaiyo akakosa deni na akakosa wateja kwa mpigo. Kodi ya pili alilipa kwa tabu sana, na katikati ya 2017 akaja uani akamuaga mama. Akamfungulia ukurasa wake, Bi Uani, alikuwa anadaiwa elfu kumi na moja na mia nne. Mama akaenda ndani akaleta yote. Mangi akapiga mstari mwekundu kwa rula pale pale amesimama, akafunga daftari, akaondoka nalo.

Tangu hapo hiyo fremu nimeihesabia wapangaji kwa kodi, kodi moja ni miezi sita. Steshenari na fotokopi, kodi mbili. Nguo za mtumba za kuchagua, kodi moja. Chipsi, kodi mbili, aliondoka na kikaango chake usiku anadaiwa umeme. Wakala wa kwanza wa miamala ya simu aliingia mwanzoni mwa 2021, kijana mzuri sana, Julai tozo za serikali kwenye miamala hiyo zikaanza watu wakarudi kutembea na hela mfukoni, Septemba zikapunguzwa ila yeye kodi ilishamkamata, akaenda. Baada yake juisi ya miwa, alafu fremu ikakaa tupu miezi minne, na hiyo minne ukiihesabu pamoja na hela ya dalali unakuta laki mbili yetu haikuwa laki mbili kamwe. Kaka mkubwa hapendi nikimfanyia hiyo hesabu lakini nimeifanya, nina karatasi yake.

Sasa hivi yupo dada mmoja wakala, mchapakazi, anafungua saa moja asubuhi. Juzi jirani yetu mama mtu mzima alikuja pale akamwomba, mwanangu nisaidie elfu tano nitakupa kesho, mtoto anaumwa. Yule dada akanyanyua macho, nilimuona, aliumia kweli. Akasema mama ningekupa, ila hii hela sio yangu, ni floti ya kufanyia miamala. Na ni kweli, yeye chake ni kamisheni, akitoa elfu tano kwenye droo jioni hesabu haifungi. Amekaa kwenye hela kutwa nzima na hana hata mia ya kukopesha. Basi akamwelekeza namna ya kukopa kwenye simu.

Watu wanasema kwani shida nini, si mikopo ipo kwenye simu, ipo ya mtandaoni, zipo ofisi za kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, kila kona. Ipo ndio. Mwaka juzi mama mmoja mtaa wa pili alichukua kausha damu, marejesho kila wiki, wiki mbili zikampita wakaja na kirikuu mchana kweupe wakabeba tv, friji na makochi, watoto wamesimama barazani wanaangalia. Binti mwingine alikopa kwenye programu ya simu, akachelewa siku nne, meseji zikatumwa kwa namba zote zilizokuwa kwenye simu yake kwamba fulani ni tapeli hataki kulipa, mpaka mkwe wake akaipata, mpaka mwalimu wa mwanae. Mimi pia niliipata. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za kukopesha ambazo hazina leseni, nikafurahi, lakini meseji ile nilikuwa nayo bado na huyo binti hakai tena kwetu, alihama kwa aibu. Nilikumbuka Mwarobaini na Mlango wa Bluu. Mtu wa darasa la saba kutoka Rombo alilinda siri za mtaa mzima kwa kalamu ya wino.

Kwaiyo jibu langu kwenu wahariri ndo hilo. Maduka tunayo, yamejaa, lipo hata la kisasa lenye kikapu na mashine ya risiti, bidhaa hatukosi. Tulichokosa ni mtu wa kukusubiri, na huyo hakuondolewa na maendeleo, aliondolewa na kodi ya miezi sita ambayo sisi wenye nyumba tumeizoea mpaka tunaona ni sheria ya Mungu. Mpangaji anaianza biashara akiwa ameshafilisika nusu, hata awe anauza nini. Kama na nyie mna fremu ya urithi naomba mhesabu miezi iliyokaa tupu kabla hamjabisha.

Mangi nilimfuata mwaka jana, ana duka Mbezi, nywele zimekuwa nyeupe zote. Nilienda kumwomba radhi na sikujua nianzie wapi, nikamsalimia tu, akaniita Bi Uani mdogo, akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamwambia mama tulimzika. Akanyamaza muda, akasema hakudaiwa na mtu yule mama.

Kodi ya huyu dada wakala inaisha Desemba. Nimeandika kwenye grupu la familia kwamba kuanzia hapo tumpokee mwezi kwa mwezi, elfu themanini kama mwanzo. Wadogo zangu wawili wamekubali. Dada yetu amesoma hajajibu. Kaka mkubwa ameniambia tutaongea nikija, na mimi karatasi yangu ya hesabu nimeshaitoa kopi tano.