Hisabati Husomwa na Penseli: Vitabu na Filamu Ninazowapa Wanaoniuliza Waanzie Wapi

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni hisabati, wengi huniambia kuwa somo hilo liliwashinda shuleni. Wachache huniuliza kwa sauti ya chini kama bado hawajachelewa kulirudia, na kama wanaweza, waanze na kitabu gani. Hao ndio ninaowaandikia leo.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni niliazima kitabu kinene cha kalkulasi nikakisoma kama riwaya, nimejilaza, bila karatasi. Nilipita ukurasa wa mia nikifurahi kwamba kila sentensi naielewa. Siku nilipojaribu zoezi la kwanza la sura ya kwanza, sikuweza kuandika hata mstari mmoja. Nikarudi mwanzo, safari hii na daftari pembeni, na kurasa kumi zikanichukua wiki nzima. Tangu hapo kila kitabu nakipima kwa jambo moja: kinanifanya nishike penseli?

Kwa kipimo hicho, cha kwanza ninachompa mtu ni How to Solve It cha George Pólya, kilichotoka mwaka 1945. Ni chembamba na Kiingereza chake ni chepesi. Pólya anagawa kazi ya kutatua swali katika hatua nne: lielewe swali, tafuta njia, ifuate, kisha rudi uangalie ulichofanya. Ukizisikia juu juu unaona hazina jipya. Ila kaa na kitabu chenyewe uone anavyokusukuma. Kinachotafutwa ni nini? Umepewa nini? Likikushinda, lipo jepesi linalofanana nalo unaloweza kuanza nalo? Hilo la mwisho nalitumia karibu kila siku kazini.

Kisha nawapeleka kwa Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa kale. Najua jina hilo linatisha. Elements, kazi yake kuu, ina vitabu 13 na umri wa miaka kama 2300, na simwambii mtu asome yote. Naomba hoja moja tu, ya 20 katika kitabu cha 9, inayoonyesha kwamba namba tasa, yaani namba kubwa kuliko 1 zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, hazina mwisho. Chukua namba tasa chache, zizidishe zote, ongeza 1. Jibu lako haligawanyiki kwa yoyote kati ya zile ulizoanza nazo, maana kila ukigawanya inabaki 1. Basi ama jibu lenyewe ni namba tasa, ama lina kigawanyo ambacho ni namba tasa usiyokuwa nayo. Kwa vyovyote kuna namba iliyokosekana kwenye orodha yako, na itakuwa hivyo kwa orodha yoyote utakayoandika.

Sasa shika penseli. 2×3+1 ni 7, namba tasa. 2×3×5+1 ni 31, tasa. Ukiingiza na 7 kwenye kuzidisha, 2×3×5×7+1, unapata 211, ukiingiza na 11 unapata 2311, zote tasa. Hapa wanafunzi wangu huchangamka na kusema kwamba basi kila mara utapata namba tasa. Simkatalii yeyote, namwambia aendelee. 2×3×5×7×11×13+1 ni 30031, nayo ni sawa na 59×509. Rudi kwenye hoja ya Euclid uisome tena: hakudai popote kwamba jibu lenyewe ni namba tasa. Neno “ama” lililokupita mwanzoni sasa unaliona lina kazi gani. Aliyelala na kitabu kifuani asingeliona.

A Mathematician's Apology cha mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy, cha mwaka 1940, nakipenda lakini sikitoi mapema. Hardy aliamini hisabati ni kazi ya vijana, na nimeona msomaji wa miaka arobaini akikifunga kwa huzuni. Hapo Hardy namkatalia waziwazi. Mwaka 2013 Yitang Zhang, akiwa amepita miaka 50, alithibitisha kwamba kuna jozi zisizo na kikomo za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa ameweza kuwekea mpishano huo kikomo chochote.

Kwa upande wa kutazama, kanuni ni ileile: sitisha video. Grant Sanderson, mwenye chaneli ya YouTube iitwayo 3Blue1Brown, ana mfululizo kuhusu aljebra ya mstari ambamo matriki inaacha kuwa jedwali la namba, unaona ikivuta na kuzungusha nafasi nzima. Mchoro ukianza kusogea, bonyeza kusitisha, chora mwenyewe unakodhani utaishia, halafu endelea. Video ya dakika kumi itakula saa nzima, na hiyo saa haijapotea.

Filamu za maigizo kuhusu wanahisabati hutia moyo, lakini hisabati yenyewe huonekana kwa mbali, kwa hiyo sizitaji sana. Nayoirudia ni filamu ya hali halisi ya BBC ya mwaka 1996 kuhusu mwanahisabati Andrew Wiles na nadharia ya mwisho ya Fermat, isemayo kwamba hakuna namba nzima chanya a, b na c zinazotimiza aⁿ + bⁿ = cⁿ, n ikiwa namba nzima kubwa kuliko 2. Wiles alikutana na swali hilo akiwa na miaka 10, akaja kulifanyia kazi kimyakimya kwa takriban miaka saba. Juni 1993 alitangaza uthibitisho wake Cambridge, kisha kosa likaonekana ndani yake, akahangaika nalo hadi Septemba 1994. Akisimulia mbele ya kamera alivyolishinda, sauti inakatika na anageuza uso. Huwa namwonyesha kila mwanafunzi anayedhani kukwama ni dalili ya kutokuwa na kipaji.

Kwa sayansi nina kimoja tu leo, The Chemical History of a Candle cha Michael Faraday, kilichochapishwa mwaka 1861. Ni mihadhara sita aliyowapa vijana London, yote kuhusu mshumaa mmoja. Kisome ukiwa na mshumaa mezani. Ukiwaka vizuri, uzime kwa kupuliza taratibu, na kabla moshi mweupe haujatawanyika usogeze kijiti cha kibiriti kinachowaka kwenye moshi huo, mbali kidogo na utambi. Moto utateremka kwa kufuata moshi na kuuwasha mshumaa tena. Ukiona hivyo, fungua mhadhara wa kwanza utafute maelezo yake.