Kabla Hujaliuza Gari la Kale, Soma Daftari Lake

Nimewahi kuliuza gari la kale ndani ya siku nne nikajuta, na nimewahi kulishikilia jingine kwa miaka kadhaa zaidi ya ilivyopasa nikajuta vilevile. La kwanza lilikuwa Land Rover Series IIA la mwaka 1967, lenye bodi ya aluminiamu iliyojaa mabonde na fremu ya chuma ambayo niliichomelea mara mbili. La pili lilikuwa Mercedes-Benz 280 SL la mwaka 1969, gari ambalo watu husimama kulitazama hata likiwa limezimwa. Kwa kuwa wenzangu wenye magari ya namna hii huniuliza mara kwa mara kama wayauze au wabaki nayo, nimeona niandike jinsi nilivyofikia uamuzi, pamoja na makosa niliyofanya njiani.

Kosa la Land Rover halihitaji maneno mengi. Nilikuwa na shida ya fedha iliyoweza kusubiri miezi mitatu, akatokea mnunuzi mwenye fedha taslimu, nami nikachanganya uharaka wake na uharaka wangu. Sikumwita fundi kulikagua, sikutafuta bei ya mtu wa pili, wala sikujiuliza nilikuwa nalitumia kiasi gani. Baada ya kuliuza ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa naliendesha karibu kila wiki, na kwamba vipuri vyake vilipatikana kwa urahisi na kwa bei ninayoimudu. Gari la namna hiyo, linalotumika na ambalo mwenyewe unaweza kulifungua na kulifunga, ndilo la mwisho kuuzwa.

Mercedes ilikuwa jambo jingine kabisa. Muundo wake, ambao kiwandani huitwa W113 na ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva mwaka 1963, ulitengenezwa hadi mwaka 1971, na jumla ya magari yote ilikuwa 48,912, ambapo 23,885 yalikuwa 280 SL. Paa lake gumu la kuondolewa, ambalo limebonyea kidogo katikati na kuinuka kingoni, ndilo lililolipatia jina la utani la Pagoda. Nililinunua wakati lilipokuwa bado linaonekana kama gari zuri lililozeeka, na katika mwaka wa kwanza niliendesha kilomita 3,100. Nafahamu takwimu hiyo kwa sababu nilikuwa na daftari ndani ya kisanduku cha dashibodi, ambamo niliandika kila safari, kila lita ya petroli, kila risiti ya fundi na kila sauti ngeni niliyoisikia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na katika magari ya kale sijaona ushauri unaoupita huo.

Kadiri thamani yake ilivyopanda, ndivyo nilivyozidi kuliogopa. Kwanza niliacha kuliegesha mahali penye watu wengi, kisha nikaacha kulitoa siku zenye dalili ya mvua, halafu nikaanza kupendelea safari za asubuhi na mapema kabla barabara hazijajaa, na hatimaye nikawa naliwasha gereji kwa dakika kumi, nalifuta vumbi, nalifunika. Daftari lilikuwa likieleza habari hiyo bila huruma: mwaka wa tano kilomita 1,200, mwaka wa nane kilomita 410, mwaka wa kumi na moja kilomita 140. Hata hivyo, mtu yeyote angeniuliza wakati huo, ningemjibu kwa dhati kabisa kwamba siwezi kuliuza kwa sababu nalipenda kuliendesha.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, maana wenye magari haya wengi hudhani wana njia mbili, kuuza au kutunza, na kwamba kutofanya lolote ni sawa na kutunza. Gari lililosimama haliko salama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi hata kama gari halikutembea. Yasipobadilishwa, silinda za breki huota kutu kwa ndani, na kanyagio ambalo jana lilikuwa gumu huzama siku unapolihitaji. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huvuta maji na kuacha utando ndani ya tangi na mabomba. Oili sili hukauka na kuanza kuvuja, betri hupoteza uwezo wa kushika chaji, tairi hupasuka ubavuni ingawa meno yake bado ni marefu, na panya hugundua kwamba nyaya za zamani zinatafunika. Kuhusu tairi, angalia tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, kwani mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka; 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Za kwangu zilikuwa na miaka kumi na mitatu, nami nilikuwa nikijivunia jinsi zilivyong'aa.

Ile desturi yangu ya kuwasha injini kwa dakika kumi ilikuwa mbaya kuliko kutowasha kabisa. Injini isiyofikia joto lake kamili huacha maji na asidi ndani ya oili, na mvuke unaoganda ndani ya ekzosi huila kutoka ndani hadi siku fundi anapoigonga na kidole chake kupenya. Fundi wangu, mzee aliyekuwa akiyafahamu magari hayo tangu yalipokuwa mapya, aliniambia siku moja bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye injini: "Mwanangu, gari haliozi barabarani. Linaoza likiwa limelala." Nilimjibu, "Ni kweli, Mzee," kisha nikalirudisha gereji na kulifunika.

Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, hulihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likihifadhiwa katika hali sahihi ya kihistoria, na lisitumiwe kama chombo cha usafiri wa kila siku. Nilikuwa nikikitumia kipengele hicho cha mwisho kama kinga yangu, ingawa kutotumika kila siku hakumaanishi kutotumika kabisa.

Suala la gharama ndilo watu hupenda kulianza, na ndilo ninaloliona jepesi kuliko yote, mradi mtu asijidanganye. Chukua miaka mitano iliyopita, jumlisha bima, hifadhi, fundi, vipuri, tairi na kila kitu kilichoandikwa, kisha gawanya kwa tano, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa mtulivu na unaofuata ukadai kichwa kizima cha injini. Baada ya hapo gawanya wastani huo kwa kilomita unazoendesha kwa mwaka. Nilipofanya hivyo, kila kilomita yangu ilinigharimu zaidi ya kukodi gari la kifahari pamoja na dereva wake. Hiyo peke yake si sababu ya kuuza, maana hakuna anayemiliki gari la kale ili kubana matumizi, lakini takwimu hiyo inakulazimisha ueleze ni raha gani hasa unayoinunua kwa bei hiyo. Kuhusu bima, hakikisha ni ya thamani iliyokubaliwa mapema kati yako na kampuni, kwa sababu bima ya kawaida hulitazama gari la miaka hamsini kama chuma chakavu.

Wanaosema wanalishikilia kama kitega uchumi hunitia mashaka. Mei 2022 gari la Mercedes-Benz 300 SLR aina ya Uhlenhaut Coupé liliuzwa kwa euro milioni 135, na tangu siku hiyo kila mwenye Mercedes ya zamani amejiona tajiri, ingawa magari ya aina ile yalitengenezwa mawili tu na la kwake lina wenzake maelfu. Historia ya bei hizi ina mabonde pia. Enzo Ferrari alipofariki Agosti 1988, bei za magari ya kampuni yake zilipaa, na baadhi ya waliokopa ili kununua wimbi likiwa juu walijikuta, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na magari yenye thamani iliyo chini ya madeni yao. Isitoshe, watu hulipia zaidi magari waliyoyatamani walipokuwa vijana, kwa hiyo kizazi kinapopita, hamu nayo huhama. Ikiwa sababu yako pekee ya kutouza ni kwamba huenda bei ikapanda, basi wewe si mwenye gari tena, bali ni mlinzi wa ghala.

Jambo lililonitikisa zaidi lilikuwa fundi. Injini ya 280 SL haina kabureta. Ina pampu ya Bosch inayonyunyizia petroli kwa mfumo wa kimakanika, wenye vijiti sita, kimoja kwa kila silinda, na kuirekebisha kunahitaji sikio, vipimo na subira ambavyo havijifunzwi kwa mwezi mmoja. Mzee wangu alipoanza kulalamikia macho na magoti yake, nilitafuta mrithi wake kwa muda wa mwaka mzima bila kumpata. Kwa hiyo namshauri kila mwenye gari la gharama kubwa ajiulize, kabla ya kujadili bei, ni nani atakayelitengeneza miaka kumi ijayo, na jina la mtu huyo ni nani. "Nitapata mtu" si jibu. Aidha awaulize watoto wake waziwazi kama wanalitaka, na awape nafasi ya kukataa bila kuonekana hawana shukrani. Binti yangu alinijibu kwamba anapenda kuniona mimi nikiliendesha, lakini yeye mwenyewe angependa asiachiwe kazi ya kulitafutia pampu. Nilinyamaza kidogo, kisha nikamshukuru.

Hata hivyo sikuliuza mara moja, kwa sababu Land Rover ilikuwa imenifundisha. Nilijiwekea jaribio la miezi sita: nilibadilisha tairi, mipira na mafuta yote ya breki, nikaahidi kuliendesha angalau kilomita 60 kila baada ya wiki mbili, mvua isiponyesha kwa nguvu, na kuandika baada ya kila safari kama nilifurahi au nilikuwa na wasiwasi. Nilitimiza safari tisa kati ya kumi na tatu. Katika safari sita nimeandika neno moja tu, wasiwasi. Kisha nikajiuliza swali ambalo ningependa kila mtu ajiulize akiwa peke yake: kama ningekuwa na fedha zinazolingana na thamani ya gari hili mkononi leo, ningeenda kulinunua? Jibu lilikuja upesi mno kiasi cha kuniaibisha. Kama safari hizo zingekuwa kumi na tatu, na neno lililoandikwa likawa jingine, ningebaki nalo hata kama hesabu za gharama zingekuwa mbaya mara mbili.

Ukishaamua kuuza, usilipake rangi mpya. Wanunuzi wa magari ya thamani huogopa rangi ya juzi kuliko kutu wanayoiona kwa macho, kwa sababu kutu inajieleza na rangi inaficha. Kusanya nyaraka zote, hakikisha namba ya injini na ya chasisi zinalingana na kumbukumbu za kiwandani, mwachie mkaguzi wa mnunuzi uhuru kamili, na taja mwenyewe kila kasoro kabla haijagunduliwa. Mmoja wa waliokuja kuliona gari langu alileta sumaku ili atambue palipojazwa puti, ile lipu ya kuziba mabonde ya bodi ambayo sumaku haiishiki, akaiweka kwenye boneti, ikadondoka. Akaiweka mlangoni, ikadondoka. Akaanza kuelekea langoni akiwa amekasirika. Ilibidi nimwite na kumweleza kwamba boneti, milango na kifuniko cha buti vya gari hilo vilitengenezwa kwa aluminiamu tangu kiwandani. Alirudi, lakini nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitamuuzia mtu asiyelijua gari lenyewe. Funguo zisitoke mkononi mwako hadi benki ithibitishe kwamba fedha zimeingia na haziwezi kurudishwa. Picha ya risiti ya malipo kwenye simu si fedha.

Niliyemuuzia hakutoa bei ya juu kuliko wote. Alikuwa ameshawahi kumiliki 230 SL, toleo la awali la muundo huohuo, alilala chini ya gari kwa saa nzima akiwa na tochi, akauliza maswali kuhusu grisi ya viungo vya mbele, jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza, na alitaka daftari kabla hajataka funguo ya akiba. Nilinakili kurasa zote nikampa lile lenyewe. Miezi kumi na nne baadaye alinitumia picha ya ukurasa mpya, mwandiko wake ukiwa chini ya wangu, na safu ya kilomita ikisomeka 4,260.